Mtu wa Kungojesha

Wendell Prager alikuwa akisema kwamba kumtisha mtu si kazi. Piga kelele nyuma ya mgongo wake, basi, ameshtuka. Kazi ni kumngojesha. Alipokuwa akiongoza filamu yake ya kwanza, ile ya muuguzi na mgonjwa aliyejifanya amepooza, alisimama kando ya mpiga picha akinong'ona, "Bado. Bado. Msiwape." Mpiga picha, Mreno mmoja mcheshi aitwaye Anselmo, akamwambia, "Bosi, ukiendelea hivi mkono wangu ndio utapooza!"

Filamu ile ilimtoa. Kijana wa mji wa Toledo, mwana wa fundi vioo, akawa mtu wa kutafutwa kwa simu Hollywood. Akaoa, akanunua nyumba yenye michungwa kwenye kitongoji cha Encino, akapata binti, Corinne. Lakini nyumbani alikuwa anapita tu. Aliahidi kufika kwenye michezo ya shule na hakufika. Aliahidi pwani Jumapili, na Jumapili ikamkuta kwenye chumba cha kuhariri. Mkewe Lorraine hakugombana naye. Alifunga virago, akamchukua mtoto, akaenda kuolewa na daktari wa meno mjini Fresno.

Filamu ya nne ndiyo iliyommaliza. Wakubwa wa studio walimnyang'anya kabla hajamaliza kuihariri, wakakata ukimya wote aliouweka, wakajaza risasi na magari yanayolipuka. Watu hawakuja. Lawama zikamwangukia yeye, maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye bango. Akaishia kuongoza vipindi vya televisheni, halafu matangazo ya magodoro, halafu hakuna.

Akahamia kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Van Nuys, ghorofa ya pili, juu ya duka la kinyozi. Asubuhi alikunywa kahawa dirishani. Mchana alitembea hadi maktaba, akarudi. Zilipita siku ambazo neno pekee alilolitamka lilikuwa "asante", kwa mwanamke wa duka la mikate.

Alipofikisha miaka sabini na minne, jumba dogo la sinema la kwao Toledo likamwalika. Walitaka kuonyesha filamu yake ya kwanza. Mwenye jumba, mama mnene mchangamfu aitwaye Bernadine Kozak, alimpokea uwanja wa ndege mwenyewe.

"Mzee Prager, wewe ndiye uliyeninyima usingizi nikiwa msichana!"

"Samahani sana, mama."

"Samahani ya nini? Ningekuwa nimelala ningeolewa na yule bwege wa jirani."

Wendell alikaa safu ya nyuma, kama alivyozoea, ili aangalie mabega ya watu badala ya skrini. Mwanzoni walicheka. Waliicheka mitindo ya nywele, wakalicheka gari la muuguzi. Alihisi uso ukimchoma, akatamani kutoka. Ndipo muuguzi akampa mgonjwa mgongo ili ajaze glasi ya maji, na kule kitandani kidole kimoja kikasogea. Kicheko kikakatika. Mkono wa mtu ukasimama ndani ya mfuko wa bisi. Mabega yote yakapanda kidogo, yakabaki hapo hapo, na Wendell akageuka kwa furaha amwambie mtu, "Umeona?"

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na koti lake tu.

Aliporudi Van Nuys alimpigia Corinne, ambaye sasa alikuwa mwalimu mjini Bakersfield.

"Walinyamaza, Corinne. Watu wa leo, na simu zao mifukoni, walinyamaza kabisa."

"Nimefurahi kwa ajili yako, baba."

"Wewe hujawahi kuiona."

"Mimi ulinikalisha nikingoja bila tiketi, baba. Nilikaa kwenye ngazi za nyumbani na viatu vya pwani miguuni."

Wendell alitaka kusema kuhusu studio, kuhusu miaka ile, lakini maneno yote yalikuwa na sauti ya visingizio. Akasema tu, "Njoo Jumamosi. Nitapika."

"Nitaangalia."

Alikuja. Wendell alikuwa amepika maharage ya nyama na pilipili, mengi ya kutosha watu wanane. Walikula wakizungumzia mvua na wanafunzi wake. Kisha Corinne mwenyewe akasema, "Haya, weka hiyo filamu yako."

Wakakaa kwenye kochi. Corinne alikuwa ameamka mapema kuendesha gari baada ya wiki nzima ya mitihani, na hata kabla muuguzi hajafika kitandani kwa mgonjwa, kichwa chake kilikuwa kimeangukia mto. Wendell akamtazama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama alipokuwa mdogo, au ndivyo alivyodhani. Hakuwa na uhakika. Akapunguza sauti mpaka muuguzi akawa anatembea bila hatua kusikika, akamfunika binti yake blanketi.

Corinne aliamka majina yakipanda kwenye televisheni. "Jamani! Nimepitwa na nini?"

"Hakuna kikubwa."

"Muongo wewe." Akacheka, akambusu shavuni, akaondoka kabla barabara hazijajaa magari.

Wendell akaosha mabakuli mawili. Maharage yaliyobaki aliyala wiki nzima, peke yake, dirishani.