Nani Alilala Hapa Jana Usiku?

Naona aibu hata kuanza, na mpaka leo kichwa hakijanikaa sawa, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa wale watakaoongeza chumvi.

Mimi nasoma historia hapa Durban, naishi mtaa wa Overport kwenye ghorofa lililojaa Wakongo na sisi Watanzania wachache, na wiki ile nilitakiwa kueleza darasani jinsi Waingereza wa zamani walivyofanya sensa, yaani anachukuliwa mtu wa palepale mtaani anayejua kuandika, anagawa karatasi nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba anajaza nani kalala pale usiku uliotajwa, kisha jamaa anapita kuzikusanya (asiyejua kuandika anaandikiwa) na kunakili yote kitabuni. Nikasema si nijaribu hapahapa kwetu? Ila kugawa karatasi nikaona uvivu, nikaamua kuuliza tu mlangoni, na ili nionekane mtu wa serikali nikaazima suti, nikafunga tai, faili kwapani.

Jumamosi asubuhi nikagonga mlango wa kwanza, nikauliza kwa Kiingereza kizito, "Nani alilala hapa jana usiku?"

Komeo likafungwa. Nikagonga wa pili, vilevile, na mara ngazi zikajaa watu wanateremka mbio, wengine pekupeku, mmoja ana povu kichwani, na mimi (msinicheke) bila kujua ni moto au wezi, nikatimua nao.

Tulisimama nyuma ya maduka tukihema. Pembeni yangu alikuwa jirani yangu Mama Béa, msusi wa Kikongo, ana kiatu kimoja.

"Mama, tunakimbia nini?"

"Eish, mutoto yangu, iko muntu ya immigration kule juu! Banasema amevaa kostimu na tai, anauliza nani alilala…" Akaniangalia kifuani. Akaliangalia faili. "Njo weye ule muntu?"

Hakucheka. Aligeuka kuliangalia ghorofa letu. "Bwana yangu iko mugonjwa, hawezi kutembea. Nilimuacha kitandani. Nilikimbia, nikamuacha."

Nikafungua tai. Wale Waingereza walimtuma mtu wa mtaani angalau watu wamjue, mimi wa mtaani nikajivika ugeni mwenyewe! Jioni nilipita mlango kwa mlango kuomba radhi, na hakuna aliyefungua.

Mwalimu aliponiuliza jengo letu lina watu wangapi, nikasema sijui. Kuhesabu watu nimeacha kabisa, hata wageni wa harusi yangu atafutwe mwingine awahesabu.