Picha za Kumtumia Baba

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, Dorkas huanika kitambaa cheupe kwenye kamba nyuma ya nyumba yake, Manyoni. Akishakunywa hukifuata, hukikung'uta, hukitazama. Kikiwa kimeshika wekundu, humpigia mpiga picha na kumwambia leo wapige ndani. Tangu aanze kupanga harusi za watu, vumbi ndilo linalomkosesha usingizi. Magauni meupe na ardhi ile havijawahi kupatana.

Jumamosi ile kitambaa kilirudi safi.

Harusi ilikuwa ya Eliana, katika shamba la zabibu ambalo baba yake, mzee Naftali, alilipanda kwa mikono yake kabla figo hazijamlaza hospitalini. Halikuwa ukumbi. Dorkas alihangaika na viti, jenereta na vyoo, kisha akambembeleza Fabiano, mdogo wake mzee, asipogoe mizabibu mapema, maana bibi harusi alitaka majani.

"Majani!" Fabiano alifoka. "Mavuno yachelewe kwa ajili ya majani?"

Lakini aliahidi kusubiri, kwa heshima ya kaka yake. Kwa kuwa mgonjwa asingeweza kuja, walikubaliana Festo, mpiga picha, amtumie picha kwenye simu moja baada ya nyingine, ili naye ahudhurie.

Dorkas alipofika shambani, Fabiano alikuwa akimsubiri kati ya mistari ya mizabibu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Kaka amefariki alfajiri. Wazee tumekaa, harusi iendelee. Binti ataambiwa wageni wakishakula. Hata msiba wa mama ulipoangukia harusi ya dada yetu, tulifanya hivyo hivyo."

"Na picha, baba? Za kumtumia mzee?"

"Si wewe ndiye mpangaji? Panga."

Festo alipoambiwa, aliiweka kamera kwenye nyasi kana kwamba imemchoma. "Dada, mimi napiga picha. Kuigiza sijui."

"Leo utajua."

Maharusi walifika kutoka kanisani, watu wakajaa shambani. "Mashangazi, matumbo ndani!" Festo aliita. "Wewe wa kitenge cha kijani, hii siyo picha ya pasipoti, cheka!" Watu wakacheka. Dorkas peke yake alisikia jinsi sauti ile ilivyozidi kiwango.

Eliana alisimama chini ya majani, akiyashika. "Hii mtumie baba. Na hii. Hii hasa, nimecheka kama yeye."

Festo aliinamia simu, vidole vikacheza juu ya kioo bila kukigusa. "Imekwenda."

Wali ulianza kupakuliwa. Ndipo, kutoka mwisho wa shamba, ukasikika mkasi. Fabiano, ndani ya suti yake, alikuwa anapogoa. Alikata tawi, akasogea, akakata jingine, kama mtu ambaye mikono yake imeanza kazi bila kumwuliza. Majani mabichi yalilala miguuni pake.

Eliana alimtazama muda mrefu. Baba mdogo alikuwa ameahidi kutogusa mizabibu mpaka kaka yake azione picha zote. Akakunja gauni, akavuka mistari miwili hadi aliposimama Dorkas.

Wazee mezani waligeuka. Mmoja alimtikisia Dorkas kichwa: bado.

"Dada Dorkas," Eliana alisema taratibu, "hizi picha anatumiwa nani?"

"Hatumiwi mtu," Dorkas alijibu. "Baba yako amefariki leo alfajiri."