Makaa yangu ya makumbi yalivyonusurika kwenye oda ya harusi ya Bi Lusia

Wakuu, salaam kutoka Lamu. Hili limenikuta mwenyewe, sina haja ya kulitia chumvi.

Mimi natengeneza makaa ya makumbi ya nazi. Nayachoma, nasaga, nakanda na uji wa muhogo, naanika. Mikoko inaisha, na makaa yake bei inapanda kila mwezi. Nikaona hapa pana biashara.

Mteja wangu mkubwa ni Bi Lusia, Mkolombia aliyeolewa mtaani kwetu. Anaoka empanada za samaki. Ni kama sambusa iliyoshiba. Tangu afungue duka aliapa hatatumia makaa ya mkoko, na wauza makaa wanamcheka hadi leo.

Kupatana bei naye kulichukua asubuhi nzima. Yeye hodari wa kupunguza, mimi hodari wa kuondoka mpaka niitwe.

Basi akapata oda ya harusi, kubwa. Makumbi yangu hayatoshi.

Nikakumbuka kijiji cha Matondoni, mafundi wa vyombo vya bahari wana maranda ya mbao yamejaa chini. Bure! Hilo neno, wakuu, hunitoa akili. Nikajaza magunia, nikayahesabu mara mbili, nikapakia punda. Nikachanganya na unga wa makumbi, nikakanda, nikaanika, nikampelekea.

Sikuuliza yametoka chombo gani.

Kumbe ni chombo kikuukuu, mbao zimekunywa sifa miaka na miaka. Sifa ni yale mafuta ya papa ya kupaka mbao zisioze. Mgeni angeyanusa toka mbali. Mimi nimekulia humo, pua yangu haikushtuka.

Siku moja kabla ya harusi, simu ya Bi Lusia.

"Shoga, njoo hapa. Sasa hivi."

Nikafika. Akanipa empanada ya kujaribia. "Onja."

"Tamu."

"Tamu? Inanuka chombo!"

"Bi Lusia, si ndani mna samaki?"

"Samaki gani kapakwa sifa?"

Mkwewe naye akachungulia mlangoni. "Hizi za kula wageni, au za kupaka jahazi?"

Muuza makaa ya mkoko alishatua gunia lake kizingitini, anatabasamu.

Bi Lusia akaniambia taratibu, "Nikiharibu harusi hii, narudi kwenye mkoko. Sitakuwa na uso wa kukutetea."

"Nipe mpaka alasiri," nikamwambia.

Nikapita nyumba kwa nyumba kwa wateja wangu wa zamani, kununua makaa ya makumbi matupu waliyobakisha. Makaa yangu mwenyewe! Wote waliniuzia ghali kuliko nilivyowauzia. Mmoja akaniambia, "Bi mkubwa, ukiondoka sikuiti."

Nilimlipa.

Alasiri tukawasha upya. Tukaoka mpaka mikono ikachubuka. Harusini sinia zilirudi tupu, na gunia la mkoko likarudi kwa mwenyewe halijafunguliwa.

Faida ya oda ile? Nimepiga hesabu mara mbili, haipo. Ila mteja yupo.

Nililojifunza: kutunza mazingira ni jambo jema, lakini mteja hali nia yako, anakula chakula. Jaribu bidhaa kwa pua isiyokuzoea.

Sasa kila mzigo Bi Lusia anawasha kipande kimoja, ananusa, ndipo apokee. Juzi alinusa, akasema punguza bei.

Nikashika punda wangu, nikaondoka. Sijafika kona, nikaitwa.

Wenye biashara ndogo, nanyi mwageni yenu. Na mwenye makumbi ya kuuza aje tupatane. Aje ameshakula, tutachelewa.