Si Kikohozi cha Baridi

Nilipewa somo la afya kwa sababu mwalimu aliyekuwa akilifundisha alihamia Makambako. Hapa Njombe, mwezi wa sita darasa zima hukohoa na hakuna anayeshangaa. Lakini binti mmoja wa darasa la nne aliendelea kukohoa mpaka Agosti, huku sweta likimpwaya.

Nikamfuata nyumbani. Aliishi na bibi yake, mkulima wa viazi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwalimu. Ingia jikoni, nje baridi."

Kabla sijakaa, bibi akashikwa na kikohozi kirefu, akajifuta mdomo kwa kitenge. Kumbe nilikuwa nimefuata mgonjwa mmoja, nikakuta wawili.

"Bibi, twende hospitali."

"Hii ni baridi tu na moshi. Nikishavuna viazi itapoa."

"Na mjukuu wako naye asubiri viazi?"

Akainama kuchochea moto. Jumamosi nikarudi na jembe. Aliniangalia nikivua viatu, akacheka, tukachimba mpaka jioni. Jumatatu tulipanda gari sote watatu. Wote wawili walikutwa na kifua kikuu, wakaanzishiwa dawa za miezi sita.

Shuleni ndiko kulikokuwa na kazi. Nilipoanza kufungua madirisha ya darasa, wazazi walikuja juu kwamba nawaua watoto kwa baridi. Habari za ugonjwa nazo zilikuwa zimeshavuja, na wengine hawakutaka binti arudi. Mwalimu mkuu akaitisha kikao. Nilieleza kwamba ugonjwa huu huenea kwa hewa, hasa chumba kikifungwa, na kwamba daktari ameshamruhusu mtoto kurudi darasani. Waliguna tu. Nikaeleza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Sikuwa tayari kukaa chini.

Ndipo bibi aliposimama, kitenge begani.

"Mnayemsema ni mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemwambukiza, nikisingizia baridi. Nani mwingine humu anakohoa na kusingizia baridi?"

Watu wakainamisha vichwa. Baba mmoja fundi seremala, aliyekuwa amepiga kelele kuliko wote, akauliza taratibu, "Mwalimu, wanapima siku gani?"

"Kesho wapo," nikamwambia. "Nitakusindikiza."

Alikuja, na mkewe. Binti alimaliza dawa zake, akafaulu, sasa yuko sekondari. Bibi bado analima.