Injini Iliyoposwa na Mjomba

Gari langu lilikuwa na viti kabla ya kuwa na injini. Nalisema mapema ili lisije likasemwa na mwingine. Kazi yangu ni kushona viti vya magari, kwenye kibanda kando ya foleni ya malori hapa Tunduma, na ufundi huo nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua viti vya watu na kuomba Mungu nivirudishe salama. Kwa hiyo nilipoanza kujenga gari la michezo uani kwa mama, lile la watu wawili, fupi, linalolala barabarani, nilianza na nilichokiweza. Viti viwili vya ngozi nyeusi, uzi mweupe. Nikavifumua na kuvishona upya kwa sababu mshono wa kushoto ulilala kidogo kuliko wa kulia. Ule mlalo niliuona mimi peke yangu.

Fremu nilichomelewa na jirani. Boneti niliigonga mwenyewe kwa nyundo ya mpira hadi ikawa na mteremko mmoja usiokatika, kuanzia kioo mpaka taa. Wapita njia walikuwa wanachungulia ukutani na kusifu. Kisha wanauliza linakwenda mbio gani, nami naanza kueleza habari za uzito na nguvu nilizozisoma kwenye simu, mpaka wanakumbuka kwamba wana safari.

Dereva mmoja wa Kizambia, ambaye lori lake lilikwama mpakani kwa siku nyingi, alizoea kuja kuketi kwenye gari langu kula chakula cha mchana.

"Mulamu," alikuwa ananiita, yaani shemeji kwa lugha yao, "hili gari lako ni zuri sana. Halina kelele kabisa."

Mama hakucheka. Uani ndipo anapoanikia mahindi, na mwaka uliotangulia aliyaanika kwenye uwanja wa jirani kwa ajili yangu. Safari hii alitoa amri.

"Mahindi yakifika hapa, hili litakuwa limetoka kwa miguu yake. La sivyo litatoka na watu wa chuma chakavu. Chagua injini."

Nilikuwa nachagua. Mzee mmoja mwenye duka la injini zilizotumika, mtu wa Tabora aliyehamia huku kwa biashara, alikuwa nazo zimepangwa juu ya matairi ya zamani kama wagonjwa zahanati. Ukitaka kusikia sauti ya moja, anaiunga na betri, anaipa petroli kwenye chupa, na duka zima linatetemeka. Nilizisikia zote. Ya pikipiki kubwa ilikuwa nyepesi na kali, lakini haina gia ya kurudi nyuma. ("Ukiingia kichochoroni utatokaje?" mama aliuliza. "Utashuka ulibebe?") Ya dizeli ilitoka machimboni Saza, ambako ilikuwa inazungusha karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Imefanya kazi maisha yake yote bila kwenda popote, nikaona hilo ni bahati mbaya kwa gari la michezo.

Niliyoipenda ilikuwa ya silinda sita. Sauti yake niliirekodi nikawa naisikiliza huku nashona. Niliitengenezea hata sanamu ya maboksi ya sabuni kwa vipimo vyake halisi, nikaiweka kwenye gari ili nione itakavyokaa. Ilizidi boneti kwa vidole vinne. Kutoboa boneti sikuweza. Kuiacha injini ile pia sikuweza. Basi nikawa naenda dukani kila nikipata nafasi, naisikiliza, naishika, naondoka.

"Mwanangu," mzee alisema siku moja, akiizima, "unamtazama huyu kila wiki, unamshika mashavu, unaondoka. Hata salamu hujaleta kwa wazee. Hapa si stendi."

Nilipomsimulia mama, alishika kiuno. "Anasema kweli. Tangu lini mtu akajiposea? Ngoja nimwite mjomba wako."

Mjomba wangu anaishi Ibaba, kule milimani Ileje. Analima viazi, ni mzee wa kanisa, na ni mshenga. Ndoa nyingi za kule zimepita mdomoni mwake. Kuhusu injini anajua kwamba zipo. Aliteremka akiwa na koti lake la posa na masharti.

"Wewe utakaa nyuma yangu. Hutasema neno. Mwenye kuposa akisema, mshenga ana kazi gani?"

Nikakubali. Kwa kweli nilifarijika. Nilidhani ataiomba ile ya silinda sita, atapunguziwa bei, na suala la boneti nitaamuliwa na mtu mwingine.

Dukani mjomba hakutazama injini hata moja. Aliketi kwenye tairi, akaulizia watoto, mvua, afya ya mkewe mzee. Ndipo akakohoa.

"Tumepita njiani tukasikia nyumba hii ina jiko."

Mzee wa duka alielewa papo hapo, akavaa kofia yake vizuri. "Mabinti ninao wengi. Ila anayeposa ni nani? Maana naona mmekuja na binti."

"Anayeposa ni gari. Huyu ni ndugu wa gari."

"Haya. Mmemwona yupi?"

Mjomba alinyoosha fimbo kwenye silinda sita. "Yule mnene. Aliachwa kwa nini?"

"Mwenyewe alishindwa kumlisha."

"Anakunywa?"

"Sikufichi, ndugu yangu. Anakunywa."

Mjomba aligeuka akanitazama kama niliyekutwa kilabuni. Nilifungua mdomo. Akainua kidole. Nikaufunga.

"Na yule mdogo pale mlangoni?"

Pale mlangoni kulikuwa na injini ya kirikuu, kile kigari kinachobeba nyanya na kreti za soda mji mzima. Silinda tatu. Nilikuwa nimeipita kila mara bila kuisalimu.

"Huyo ni mchapakazi," alisema mzee. "Gari lake lilivunjika mgongo mlimani, yeye hana kosa. Na ukoo wao wanakaa nyuma, chini ya kiti, hawataki kukaa mbele."

"Anakunywa?"

"Analamba tu."

Aliiwasha. Ikalia kama cherehani yangu. Mjomba alitikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, na nilipouona ule mtikiso nikajua ameshachagua. Nikaanza kupiga hesabu. Nyuma ya viti nilikuwa na nafasi ya mizigo: ingetosha. Boneti isingeguswa: kweli. Lakini watu wangesema nini? Na nguvu zake, ukigawa kwa uzito...

"Binti," mzee wa duka aliuliza kwa upole, "umeridhia?"

Nilikuwa katikati ya kugawa. Sikujibu.

"Binti?"

Nilikuwa sasa nafikiria upoaji wa injini iliyofichwa nyuma ambako hakuna upepo. Sikujibu.

"Amenyamaza," alisema mzee.

"Amenyamaza," mjomba alikubali. "Na kwenu ni hivyo hivyo?"

"Kwetu ni hivyo hivyo. Binti akinyamaza, ameridhia."

Mwislamu wa Tabora na mzee wa kanisa wa Ibaba walipeana mikono juu ya kichwa changu. Nilipomaliza hesabu, injini ilikuwa imeshapakiwa kwenye mkokoteni.

Nililia njiani, sitaki kudanganya. Mjomba alidhani ni machozi ya harusi, akaniacha niyamalize. Lakini nilipokuwa nalia nilijua kitu ambacho sikumwambia mtu: hata silinda sita ningeitafutia sababu. Gari lisilo na injini halijawahi kushindwa na mlima wowote. Langu lilikuwa halijashindwa na chochote, na nilitaka libaki hivyo.

Kuifunga kulikuwa rahisi kuliko nilivyotaka. Ilikaa nyuma ya viti kana kwamba nafasi ile niliipima kwa ajili yake. Mahindi ya mama yalipokuwa barabarani yanakuja, nilizungusha ufunguo, na cherehani ikalia uani. Mjomba alijikunja akaingia kiti cha kushoto, magoti kidevuni. Tukatoka getini.

Lilitembea. Kwenye mlima wa kwanza lori lililopakia lilitupita, na dereva akatupungia mkono kwa huruma. Gia ya pili, tukapanda hadi juu. Tuliposhika mteremko, mwanamke mwenye tenga la nyanya alisimama kando ya barabara akapunga mkono kabla hata hajatuona. Alisikia kirikuu.

Nikasimama. Alilizunguka gari mara mbili.

"Mzigo unakaa wapi?"

"Halina pa mzigo, mama. Ni la michezo."

"Na huyo mzee umembeba wapi?"

Mjomba alifungua mikono. Tenga likaingia mapajani mwake, na yule mama akajibana ubavuni, akilaani wembamba wa kiti. Tulimfikisha sokoni. Nyanya moja ilipasuka juu ya uzi mweupe.

Nilirudi nyumbani na makosa yangu kichwani: mlango wa kulia unagonga, usukani unavuta kushoto, doa la nyanya, breki zinalalamika. Siku chache tu uani, nikafumue, nipige rangi upya. Nilifika getini nikapiga honi.

Uani hapakuwepo tena. Mahindi yalikuwa yametandazwa kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye nguzo za geti, na mama katikati, peku, anayageuza kwa mguu.

"Mama, nataka kuliingiza kidogo."

"Kwani halitembei?"

"Linatembea."

"Basi litembee," alisema, akaendelea kugeuza.