Kibuyu cha Papa

Harufu ya sabuni ya kipande hunirudisha kwenye kibanda cha malishoni cha kina rafiki yangu, juu ya kijiji cha Mushaki, nilikoalikwa kupumzika siku mbili. Tulibingirika kwenye nyasi, tukanywa maziwa mpaka tukachoka. Kisha, nikitaka kumsaidia mama yake, nikatungua kibuyu cha maziwa ukutani, nikakisugua kwa sabuni kijitoni mpaka harufu ya moshi ikaisha.

Rafiki yangu alipiga ukelele. "Ile iko ya Papa! Kibuyu banafukizaka, habaoshake!"

Baba yake, huyo Papa, alikifukiza kwa moshi mwenyewe asubuhi ile aliyoshuka na ng'ombe, risasi zikalia bondeni, asirudi.

"Muache mutoto, hakujua," mama alisema.

Halafu akaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu, akavuta pumzi, akakigeuza, akavuta tena.