Leso Niliyoifungia Kompyuta

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo huweka chini ninachokifanya. Nitakusimulia ilivyokuwa, wala sitajipamba. Darasa la nne ndiko nilikoishia, lakini macho Mungu alinipa, na kwa macho hayo nikajiona mjanja kuliko waliosoma.

Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na kwisha kwake, nami ni msichana wa miaka ishirini na kitu. Dada yangu Mwanaisha alikuwa na kiduka cha kupiga taipu kule Mjambere, Kisauni. Alikuwa na mashine mbili za taipu na kompyuta moja, imelala juu ya meza kama sanduku, kioo chake kimekaa juu yake. Yeye ndiye aliyejua kuitumia. Mimi nilifagia, nilipokea wateja, nilikata kadi kwa mkasi, nilizipeleka majumbani, na funguo zilikaa kiunoni mwangu.

Kazi iliyotulisha ilikuwa kadi za harusi. Nawe wawajua watu wetu: mwezi wa Shaabani ukiingia, kila mtu ataka kuoza kabla ya Ramadhani, na kila mwenye harusi ataka kadi yenye maua na njiwa wawili. Sasa hao njiwa ndio walioishinda kompyuta yetu. Dada akiiamrisha ichore, naweza kwenda kuteleka wali, nikaupalia makaa, nikarudi, na njiwa wa pili bado hajatokea.

Basi dada akamwita fundi Mutua. Alikuwa Mkamba, siku za kazi akitengeneza redio na televisheni huko Changamwe, na Jumamosi mchana akizunguka Kisauni kwa wateja wake. Watu walimsifu kwamba ana mkono mwepesi na hasemi uongo. Hilo la kutosema uongo walilisema wao. Mimi nilikuwa sijaliona bado. Mtu wa bara, hana mke hapa, hana jamaa, chumba amepanga hapa Kisauni juzi tu. Nilimtazama kama ninavyomtazama samaki aliyekwisha kukatwa vipande kabla sijafika sokoni.

Akafungua bati la kompyuta, akaondoa feni, akatuonyesha prosesa. Kijiwe cha mraba, hakizidi kipande cha halua, kina maandishi juu.

"Hii ndiyo ubongo yake," akasema. "Imeandikwa mia moja thelathini na tatu. Hiyo ni mwendo. Lakini inaweza kwenda zaidi."

Nikamwambia, "Ngoja, fundi. Aliyeitengeneza ameandika mia na thelathini na tatu. Wewe wasema ni zaidi. Mwongo ni yeye au ni wewe?"

Akacheka. "Hakuna mwongo, dada. Yeye aliandika mwendo anaweza kuapia. Hakusema hapo ndio mwisho. Mwisho kila moja iko na yake, mpaka uitafute."

"Na ukiutafuta ukaupita?"

"Itaniambia."

"Itakwambia kwa mdomo upi?"

Dada akanikata jicho. "Mwanamisi! Hebu mwache mtu afanye kazi."

Lakini sikuondoka. Alipotoka kunawa mikono mferejini, dada akiwa na mteja mlangoni, nikachovya njiti ya kibiriti kwenye piko, ile nyeusi ya kupambia maharusi, nikatia nukta kwenye pembe ya kile kijiwe. Nikajisemea, ukitubadilishia hii ukatuletea kongwe, nitakujua. Aliporudi akapachika feni kubwa zaidi juu yake, wala hakuiona nukta yangu.

Sasa sikiliza alivyofanya, maana huko ndiko ninakokupeleka. Kwenye ule ubao wa ndani mlikuwa na vijikofia vidogo vya plastiki, mfano wa punje za mchele. Akihamisha kimoja, mwendo wapanda. Alihamisha kimoja tu, akafika mia na hamsini, akaiwasha, akamwambia dada achore kadi ileile mara kumi. Akagusa yale mabati ya feni kwa ncha ya kidole, akaandika katika daftari la shule. Akapanda tena, mia na sitini na sita. Mara kumi nyingine. Njiwa wakatua wote wawili kabla sijameza mate, na dada akapiga kigelegele mchana kweupe. Mimi nikasema imetosha. Yeye akasema, "Bado hatujajua."

Akapanda ngazi ya tatu. Ikachora kadi tatu, ya nne ikaganda. Nikashika kichwa: ameiua!

"Imeniambia," akasema Mutua, kama mtu aliyeambiwa saa. Akaizima, akarudi ngazi moja nyuma, kwenye mia na sitini na sita, akafunga bati, akaiacha ichore mpaka adhana ya alasiri. Haikuganda hata mara moja. Akaandika, akafunga daftari.

Alipokuwa akiondoka, dada yuko ndani na mteja, aliniambia mimi neno moja. "Ikikimbia hivi inatoa joto. Huko nyuma msifunike. Ipumue."

Mwanangu, neno hilo lilikuwa nasaha, nami nikalisikia kama njama. Nyuma ndiko kwenye skrubu. Kwa nini ataka nyuma pawe wazi? Ataka nini nyuma? Alipopotea kwenye kona tu, nikachukua leso yangu ya kujitanda, nikaikunja mara mbili, nikakiinua kioo, nikalizungushia lile sanduku juu, ubavuni na mgongoni, nikaacha uso peke yake. Huko nyuma nikakaza kwa kamba, nikafunga fundo ninalolijua mimi. Atakayefungua nimjue. Dada alipoona akasema, "Umeipamba kama bibi harusi." Sikumwambia sababu.

Jumatatu saa nne ikaganda. Ikapumzika, ikafanya kazi kidogo, ikaganda tena. Jumanne vivyo hivyo. Na kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya Bi Kibibi, anamwoza binti yake Zuhura, na kadi zilitakiwa Alhamisi zianze kugawanywa. Kuoza mtoto watu wasijue ni aibu ambayo kwetu haisahauliki.

Dada akasema, "Tumwite fundi."

"Umwite aje amalizie? Ametutolea ubongo mzima akatutilia mbovu. Mimi nilijua."

"Una hakika?"

"Mtu wa bara wamjua wewe?"

Ndivyo nilivyosema, wala sitalifuta leo ili nionekane mwema. Nami siku zile nilikuwa nikipeleka kadi za wateja wengine zilizokwisha. Basi kila mlango niliopiga hodi, niliacha kadi, nikaacha na neno: jihadharini na Mutua, aiba vitu vya ndani ya mashine, wala hutajua. Nilianzia kwa mwenye duka la dawa. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikafika kwa mama aliyempangisha chumba. Nukta yangu ya piko nilikuwa sijaiangalia. Nilikuwa na njia ya kujua, nikaona uvivu kuitumia, kwa sababu nilikwisha kujua.

Jumatano asubuhi Mutua akaja mwenyewe, kazi ya Changamwe ameiacha, daftari mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni.

"Dada Mwanaisha, tangu jana jioni watu watatu wamenirudisha mlangoni. Mama mwenye nyumba ameniambia nitafute kwingine. Wanasema nimeiba hapa. Nimekuja mnifungulie mnionyeshe."

Kabla dada hajajibu, Bi Kibibi naye huyo anaingia, mwili wake umejaza mlango, amekuja kutaka kadi zake.

"Shikamoo, Bi Kibibi," tukasema sote.

"Marahaba. Kadi ziko wapi?"

"Mashine imekwama," dada akasema, machozi yakimlenga. "Huyu fundi..."

"Huyu fundi ameibadilishia ubongo," nikadakia.

Bi Kibibi akamtazama Mutua, akanitazama mimi, kisha akaenda mezani. Mama yule hakujua kompyuta ni nini, lakini amelea watoto saba. Akaweka kiganja juu ya leso, akakitoa upesi.

"Ala! Huyu mwana ana homa. Nani aliyemfunika hivi?"

"Mimi," nikasema. "Nimeifunga mwizi asiingie."

"Mwizi asiingie, na pumzi je? Nawe nikufunge leso pua na mdomo, halafu nikutume Bamburi kwa miguu mbio, utafika?"

Mutua akainama, akatazama nyuma, akaona leso na kamba. Akafumba macho kidogo. "Nilisema msifunike," akasema, basi.

"Alisema?" dada akaniuliza.

Nikaishika ile kamba.

Nikafungua fundo langu mwenyewe. Mutua akaizima, akafungua bati, akangoja ipoe huku akimsomea Bi Kibibi daftarini ngazi alizopanda moja moja na ile aliyoshukia, akatoa feni, akapangusa kile kijiwe kwa kitambaa. Na kwenye pembe yake, mwanangu, ilikuwapo nukta nyeusi ya piko. Ileile.

Hakuna aliyeijua nukta ile ila mimi. Wangeona ni uchafu tu. Ningeweza kusema joto ndilo lililoleta makosa, yaishe, na neno la wizi libaki likining'inia juu ya mtu yule mpaka ahame Kisauni. Wallahi shetani alinipa maneno hayo yakiwa yamepangwa. Bi Kibibi alikuwa akinitazama tu.

Nikasema, "Hii nukta niliitia mimi Jumamosi, nimshike akiibadilisha. Hakuibadilisha. Ni hiihii yetu."

Kisha Bi Kibibi akasema pole pole, na ndilo karipio ninalokwenda nalo kaburini: "Mwanamisi, huyu kijana aliipandisha mashine ngazi moja, akaangalia. Ngazi ya pili, akaangalia. Ilipomkatalia akashuka. Wewe umempandisha mtu hadi wizi kwa siku moja, hukuangalia hata mara moja. Sasa shuka."

"Nishuke vipi, Bi Kibibi?"

"Kwa njia uliyopandia. Milango ileile."

Kompyuta ikawashwa bila leso. Haikuganda tena, na kadi za Zuhura zilitoka siku ileile kabla ya magharibi. Mimi Alhamisi nikazipeleka, na kila mlango nilioacha neno baya nikasimama nikasema: nilimzulia fundi Mutua, si mwizi, mwongo ni mimi. Mwenye duka la dawa alinicheka. Mwalimu wa chuo alinitazama chini mpaka nikatoka. Mama wa chumba aliniambia, "Kumbe ndivyo mlivyo," akafunga mlango. Lakini Mutua hakuhama.

Aliendelea kuja kwetu miaka mingine mitatu. Jumamosi ile ya kwanza nilimpa chai na mahamri, akala. Baada ya hapo nilimwekea, na kila mara akasema, "Asante, dada, nimeshakunywa." Kwa upole. Kazi akafanya, salamu akatoa, na kikombe kikapoa mezani. Jina lake nilimrudishia. Ile chai haikurudi.

Sikwambii usishuku, mwanangu. Mimi ni mtu wa kushuku, na mpaka leo sitoki dukani bila kuhesabu nilichopewa. Watu wabaya wapo. Lakini ukimshuku mtu, panda ngazi moja, kisha simama uangalie. Muulize yeye kwanza, si jirani yake. Ukiwa na alama ya kupima ukweli, ipime kabla hujafungua mdomo. Mtu akikupa nasaha, isikilize yenyewe kabla hujauliza ataka nini. Na ukiona umepita mpaka, shuka mbele za watu kama ulivyopanda mbele zao, hata miguu ikuume, hata wakucheke.

Nenda, Mungu akulinde na wabaya, na akulinde usiwe wewe ndiye mbaya wa mtu. Akupe jicho la kuona na subira ya kutazama mara ya pili, na kila unayemkaribisha chai, ainywe kwako kwa moyo mmoja. Amina.